Kabla ya kulipia kitabu chako: nani anamlipa nani?

Muswada ukikamilika, hesabu ndiyo huanza. Mhariri anataka pesa yake. Printa wa pale Kirinyaga Road anataka nusu leo na nusu siku ya kuchukua kazi. Shangazi aliyeagiza kopi tatu alituma pesa wiki jana kwa laini yako ya kawaida, na pesa hiyo imeshanunua tokeni za stima. Halafu kuna kampuni uliyoiona Facebook inayoahidi kukichapisha kitabu chako na kukiuza dunia nzima, mradi ulipe "ada ya usajili" kabla ya Ijumaa.

Sisi ni watu wa malipo, si wa fasihi. Lakini kitabu cha mwandishi anayejichapishia hupita kwenye simu mara nyingi kabla hakijapita kwenye mashine. Kuhariri ni muamala, jalada ni muamala, hata kopi ya mwisho inayosafiri na matatu hadi Kitale ni muamala. Wanaoumia mara nyingi hawaumii kwa sababu hawajui kuandika. Wanaumia kwa sababu hawakujua mapema pesa inatoka kwa nani, inaenda kwa nani, na ikishafika imekuwa ya nani. Kwa hivyo makala haya ni ya mwalimu mwenye mashairi kwenye daftari, mama mwenye hadithi za watoto, na yule kijana aliyeandika riwaya nzima kwa simu usiku baada ya kazi.

Mchapishaji na mpiga chapa

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu huyachanganya, na kuyachanganya kunagharimu. Mpiga chapa ni mwenye mashine. Unampelekea faili, unamlipa, anakupa vitabu. Kama havitauzwa, hilo si lake. Mchapishaji ni yule anayeingiza pesa yake kwenye kitabu chako: anakichagua, anakihariri, anamlipa mpiga chapa, anakitafutia maduka, kisha anakulipa wewe mrabaha kwa kila kopi iliyouzwa. Mara nyingi mrabaha huwa kama asilimia 10. (Na ukilipwa mrabaha hapa Kenya, usishangae ukiona umepungua: mchapishaji hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA kabla ya kukutumia.)

Tofauti yao ni moja tu: nani anabeba hasara. Kwa mchapishaji, pesa inakuja kwako. Kwa mpiga chapa, pesa inatoka kwako.

Katikati ya hawa wawili kuna kundi la tatu, nalo ndilo linaloleta simu nyingi za malalamiko. Ni kampuni zinazojiita wachapishaji lakini zinamtaka mwandishi alipe. Si lazima ziwe za wezi. Nyingine zinafanya kazi nzuri: zinahariri, zinapanga kurasa, zinatengeneza jalada, zinashughulikia ISBN, zinakusimamia kwa printa. Hiyo ni huduma halali na ina bei yake. Shida ni pale unapolipa kama mteja halafu unasaini mkataba kama mwajiriwa. Umetoa laki moja na nusu, kisha mkataba unasema kampuni inamiliki haki za kitabu kwa miaka kumi na itakupa wewe asilimia 15 ya mauzo. Hapo umebeba hasara yote na umeachiwa kipande cha faida.

Kwa hivyo chukua hii kama kipimo chako: anayelipa ndiye mchapishaji. Kama pesa ni yako, basi haki za kitabu ni zako, faili ya mwisho ni yako, kopi zote ni zako, na pesa ya mauzo inaingia kwako kwanza. Ukisoma mkataba na mambo haya manne hayako upande wako, uliza kwa nini kabla hujaweka PIN.

Kwa nini watu wanaamua kwenda peke yao

Wachapishaji wakubwa wa Nairobi wanaishi kwa vitabu vya shule. Kitabu kikipata kibali cha KICD au kikichaguliwa kuwa kitabu cha lazima cha sekondari, kinauzwa kwa maelfu na kinaendelea kuuzwa miaka mingi. Riwaya ya mtu asiyejulikana au diwani ya mashairi haina soko la namna hiyo, kwa hivyo inasubiri. Huu si ubaya wa mtu. Ni hesabu tu.

Na kujichapishia si mtindo ulioletwa na intaneti. Miaka ya 1970 David Maillu alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akatoa vitabu vidogo vya bei nafuu kama My Dear Bottle mwaka 1973 na After 4.30 mwaka 1974. Wasomi walivinunia, wasomaji wa mjini wakavinunua. Tanzania ikavipiga marufuku, na marufuku hiyo ilimfungia soko zima. Jina la Maillu bado linatajwa, lakini Comb Books yenyewe haikudumu. Mwandishi anayejichapishia ana haki ya kujifunza pande zote mbili za hadithi hiyo: msomaji anaweza kupatikana bila ruhusa ya mtu yeyote, na mlango mmoja wa mauzo ukifungwa ghafla unaweza kukuangusha kama pesa yote iko upande huo.

Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine, na mwaka uliofuata jarida la Kwani? likatoka. Hawakusubiri mchapishaji mkubwa. Mwaka huohuo wa 2003, Yvonne Adhiambo Owuor naye akashinda Caine kwa hadithi iliyotoka ndani ya Kwani? Chapa changa ya Nairobi ilikuwa imefanya kazi ambayo nyumba zenye majengo yao hazikuwa zimeifanya.

Hesabu ya kitabu kimoja

Hebu tuweke namba mezani. Hizi ni za mfano tu. Bei zinabadilika kulingana na printa, karatasi na idadi ya kurasa, kwa hivyo weka zako mahali pa zetu.

Tuseme una hadithi fupi za kurasa 160. Mhariri anachukua 30,000. Mpangaji wa kurasa 10,000. Jalada 8,000. Printa anakupa bei ya 280 kwa kopi ukichapisha 300, yaani 84,000. Jumla ni 132,000, na kila kopi imekugharimu shilingi 440 kabla hujauza hata moja.

Unaamua kuuza kwa 800. Ukimuuzia msomaji moja kwa moja, na yeye mwenyewe akalipia usafiri, unahitaji kuuza kopi 165 ndipo gharama zako zirudi. Lakini ukipitia duka la vitabu, duka nalo linataka fungu lake, mara nyingi kati ya asilimia 30 na 40. Tuseme ni 35: unapata 520 kwa kila kopi. Sasa unahitaji kuuza kopi 254 kati ya 300 ili tu ufike sufuri. Ongeza kopi 20 ulizowapa jamaa, wahakiki na mgeni rasmi, na utaona jinsi kitabu "kilichoisha" kinaweza kumwacha mwenyewe bila kitu mfukoni.

Hapa waandishi wengi hukimbilia kupunguza gharama kwa kumwacha mhariri. Tunaelewa, lakini tazama hesabu vizuri. Mhariri, kurasa na jalada unalipia mara moja tu. Ukirudi kwa printa mara ya pili, unalipa zile 280 peke yake, na kopi unayouza mwenyewe kwa 800 inakuachia 520. Faida ya mwandishi anayejichapishia iko kwenye chapa ya pili. Na hakuna chapa ya pili kwa kitabu kilichojaa makosa, kwa sababu msomaji wa kwanza hatamwambia wa pili akinunue.

Mambo mawili ya kuuliza printa kabla hamjakubaliana bei. La kwanza, je, bei hiyo ina VAT ndani? Tangu sheria ya mwaka 2013, vitabu vinatozwa asilimia 16 kama bidhaa nyingine nyingi. Kwenye kazi ya 84,000, hiyo ni 13,440 zaidi, na si pesa ya kugundua siku ya kuchukua mzigo. La pili, anatumia mashine gani? Ya dijitali inaweza kukupigia hata kopi 30 tu, bei ya kila kopi ikiwa juu kidogo. Ofseti inashuka bei kadiri unavyoongeza idadi, lakini mara nyingi kurasa zake hukunjwa kwa makundi ya 16, kwa hivyo kitabu cha kurasa 161 kinaweza kukutoza kama cha 176. Ukurasa mmoja wa shukrani kwa wanakijiji wote unaweza kuwa ghali kuliko ulivyodhani.

Pesa ya msomaji kabla hajapata kitabu

Sasa hiyo 132,000 inatoka wapi? Wengine wanaweka akiba. Wengine wanakopa sako. Lakini njia ambayo tunaona ikikua ni kuuza kabla ya kuchapisha: unaweka picha ya jalada kwenye status ya WhatsApp, unawaambia watu walipe 700 badala ya 800, na kitabu kitatoka tarehe fulani. Watu 120 wakilipa, una 84,000, na printa amelipwa.

Ni njia nzuri sana, na ni rahisi sana kuiharibu. Pesa ya oda si faida. Kwa kweli bado si yako. Ni deni lenye jina la mtu, na mtu huyo anajua unakoishi.

Usiipokee kwenye laini yako ya kila siku. Sababu ya kwanza unaijua: pesa iliyo karibu na mahitaji hutumika kwa mahitaji. Sababu ya pili wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Kama laini yako ina deni la ovadrafti, ile tunayoita Fuliza, pesa yoyote inayoingia hulipa deni kwanza. Msomaji anatuma 700 ya kitabu, unabaki na 150, na printa hajui habari za Fuliza yako. Tatu, baada ya miezi miwili utashindwa kutofautisha 700 ya oda na 700 ambayo ndugu yako alikurudishia.

Tafuta namba ya biashara. Ukiwa na till, mnunuzi anaona jina la biashara kabla hajakamilisha malipo, na wewe unapata taarifa ya mauzo iliyo safi bila nauli na bili za nyumbani ndani yake. Paybill ina faida moja ambayo waandishi hawaitumii vya kutosha: ile sehemu ya namba ya akaunti. Waambie wasomaji waandike hapo jina la kitabu na mji walipo. Ukitoa taarifa mwisho wa wiki, utaona kwamba watu kumi na nane wako Eldoret, na badala ya kutuma vifurushi kumi na nane unatuma boksi moja kwa rafiki yako wa huko. Kabla ya kuchagua, uliza wazi ada ni kiasi gani na inabebwa na nani, mnunuzi au wewe, kwa sababu kwenye kitabu cha 700 hata shilingi chache zinahesabika.

Andika tarehe kwenye tangazo, kisha ongeza wiki tatu juu ya ile aliyokupa printa. Tarehe ikipita, waambie watu kabla hawajauliza. Na anayetaka pesa yake arudishiwe siku hiyohiyo bila maswali. Tumeona mwandishi akisamehewa kuchelewa miezi miwili kwa sababu alikuwa akituma ujumbe kila Jumatatu, na mwingine akiitwa tapeli kwenye kundi la kanisa kwa kuchelewa siku kumi akiwa amezima simu.

Kumlipa printa, mhariri na "mchapishaji"

Kanuni ya malipo yote ya kitabu ni kulipa kazi, si ahadi. Gawa kwa hatua. Kwa mhariri, theluthi mwanzoni, theluthi akirudisha nusu ya kazi, iliyobaki mwishoni. Kwa printa, malipo ya kwanza anunue karatasi. Halafu akupe kopi moja ya majaribio, uishike, uifungue kwa nguvu katikati uone kama kurasa zinang'oka, usome mgongo wa kitabu, uhesabu kurasa. Ukiridhika, saini hiyo kopi moja na ubaki nayo. Salio unalipa ukichukua mzigo na baada ya kufungua boksi zaidi ya moja.

Jina linalotokea kwenye simu unapolipa linapaswa kufanana na jina lililo kwenye mkataba au risiti. Mkataba unasema kampuni fulani, na simu inaonyesha jina la mtu usiyemjua? Simama hapo. Pengine kuna maelezo ya kawaida, lakini yatolewe kwa maandishi kabla ya pesa.

Kuna jambo tunaulizwa mara nyingi, kwa hivyo tuliseme wazi. Kurudisha muamala kunasaidia ukikosea namba. Hakusaidii ukikosana na printa. Ulikusudia kumlipa, ukamlipa, na kazi ikawa mbaya. Huo ni mgogoro wa kibiashara, na hakuna kitufe cha kuutatua kwenye simu. Kinachokusaidia ni karatasi: makubaliano ya maandishi hata kama ni ya ukurasa mmoja, yanayotaja idadi ya kopi, aina ya karatasi, tarehe, na kitakachofanyika kazi ikiharibika, pamoja na jumbe za malipo ulizozihifadhi.

Na sasa wale wa "ada ya usajili". Dalili zao huwa zilezile. Wanausifu muswada wako ambao hawajausoma, na sifa hizo zinaweza kuwekwa kwenye kitabu chochote. Wana tuzo ambayo umeshinda bila kushindana, lakini unalipia cheti na nauli ya hafla. Wana mkusanyiko wa hadithi ambao kila mwandishi analipia nafasi yake na kulazimika kununua kopi kumi. Wana haraka: nafasi inafungwa leo. Tuzo zenye heshima haziendi hivyo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ilianzishwa 2014 na inawalipa waandishi. Miswada iliyoshinda imechapishwa na nyumba kama Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Kwa mwandishi wa Kiswahili mwenye muswada uliokomaa, huko ni mahali pa kujaribu kabla ya kuvunja akiba.

Makaratasi yasiyokwepeka

ISBN ya Kenya inatolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS. Ni namba ya tarakimu 13, na ya kitabu cha Kenya mara nyingi huanza na 978-9966. Maduka mengi hayatakipokea kitabu bila hiyo. ISBN haithibitishi kwamba kitabu ni chako. Inaonyesha tu mchapishaji ni nani. Ndiyo maana ni muhimu kujua imechukuliwa kwa jina la nani. Kampuni ikiichukua kwa jina lake, kwenye rekodi wao ndio wachapishaji, hata kama shilingi zote zilikuwa zako. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kinahitaji namba yake.

Hakimiliki haihitaji kununuliwa. Kwa sheria ya Kenya ni yako tangu ulipoandika, na inaendelea miaka 50 baada ya kifo chako. Kusajili kazi na KECOBO kunakupa cheti, na cheti kina uzito siku PDF yako itakapoanza kuzunguka kwenye makundi ya Telegram. Kuhusu hizo PDF, ushauri wetu ni mfupi: ukiuza nakala ya kielektroniki, weka jina na namba ya mnunuzi kwenye ukurasa wa kwanza wa nakala yake. Haizuii wizi, lakini mtu husita kusambaza kitu chenye jina lake.

Maduka, mali kauli na mnunuzi asiyelipa

Maduka mengi yatachukua kitabu chako kwa mali kauli: unaacha kopi kumi, unalipwa zikiuzwa. Nairobi kuna duka kama Nuria ambalo limejijengea jina kwa kuuza vitabu vya Wakenya waliojichapishia, na limewasaidia wengi kupata rafu ambayo wasingeipata kwingine. Kwa duka lolote, ondoka na karatasi yenye saini inayosema umeacha kopi ngapi, asilimia ni ngapi, na watakulipa siku gani ya mwezi kwa namba ipi. Kisha pita mwenyewe, au mtume mtu. Kopi zilizosahaulika kwenye stoo ya duka ni pesa yako iliyolala.

Unapouza mwenyewe mtaani au kwenye hafla, jihadhari na ujumbe bandia. Mnunuzi anakuonyesha simu yake: "nimetuma, ona." Ujumbe unaonekana sawa, una hata kodi ya muamala. Usiangalie simu yake. Angalia yako, na usitegemee SMS peke yake. Hakiki salio au taarifa ya till. Mchezo mwingine ni yule anayelipa kwa laini yako ya kawaida, anachukua kitabu, kisha anaomba muamala urudishwe kama aliyekosea namba. Hii ni sababu nyingine ya kutumia namba ya biashara, ambayo ina rekodi ya mauzo unayoweza kuitetea. Na hakuna mtu wa huduma kwa wateja, wetu au wa kampuni nyingine, anayehitaji PIN yako ili "kuachilia" pesa ya oda.

Uzinduzi nao una mambo yake. Hapa kwetu uzinduzi wa kitabu hugeuka harambee, na si vibaya. Lakini mgeni rasmi anapoinuka na kutangaza kwamba atanunua kopi 100, makofi yakapigwa, usikimbie kwa printa kesho yake. Mtu aliyekaa mlangoni na namba ya till aende mezani kwake kwa heshima kabla hajaondoka. Ahadi iliyolipwa palepale ndiyo mauzo.

Chama cha waandishi

Kuna njia moja ambayo tunadhani haijatumika vya kutosha, na inashangaza kwa nchi ambayo kila mtu yuko kwenye chama. Miaka ya 1990 wanawake waandishi wa Uganda walianzisha FEMRITE mjini Kampala. Walisomeana kazi, wakachapisha vitabu vya wanachama wao. Mmoja wao, Monica Arac de Nyeko, alishinda Tuzo ya Caine 2007. Chapa ndogo huru inaweza kuanza hivyo, kwa watu wanaosoma kazi za wenzao kwa ukali na kuchangia.

Fikiria waandishi kumi wanaotoa 2,500 kila mwezi. Baada ya miezi sita wana 150,000, ambayo inatosha kitabu kile cha mfano wetu na VAT yake. Lakini mkikizungusha kama chama cha kawaida, kitabu kimoja kila miezi sita, wa kumi atasubiri miaka mitano. Hakuna atakayesubiri. Kwa hivyo pesa ya mauzo lazima irudi chamani mpaka gharama ya kitabu ilipwe, ndipo faida iende kwa mwandishi. Kitabu cha kwanza kikirudisha gharama zake ndani ya miezi mitano, cha pili hakisubiri michango peke yake, na foleni inakimbia.

Hapo ndipo kunahitajika uamuzi ambao vyama vya kununua sufuria havina: nani anasema muswada umekuwa tayari? Zamu ya mtu ikifika na kazi yake bado mbichi, je, pesa ya wote itachapisha? Amueni hilo mapema, kwa maandishi, mkiwa bado marafiki. Pendekezo letu ni mhariri wa nje, asiye mwanachama, mwenye neno la mwisho. Pesa iwekwe kwenye akaunti ya kikundi inayohitaji zaidi ya mtu mmoja kuidhinisha kutoa, na kila mwanachama apate taarifa ya mwezi bila kuiomba. Andikeni pia kitakachotokea mtu akiondoka katikati, hasa yule ambaye kitabu chake kimeshatoka.

Kuna kikundi kitakachouliza kuhusu Amazon. Ni sawa kwa Wakenya walio nje: kitabu cha kielektroniki cha kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kukupa mrabaha wa asilimia 70, na nje ya bei hizo ni 35. Ila Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hivyo mrabaha wa mauzo ya kule unaweza kukatwa asilimia 30 kabla haujakufikia. Kwa msomaji wa Bungoma, till bado inashinda.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini ni la kufanya kabla faili haijaenda kwa printa. Waandishi wengi sasa wanaweka namba ya malipo kwenye ukurasa wa nyuma, ili anayeazima kitabu aweze kuagiza chake. Ni wazo zuri. Ila kitabu kinaishi muda mrefu, kitapatikana kwenye rafu ya mtu miaka kumi ijayo, na namba hiyo itakuwa bado imeandikwa pale. Usiweke laini ya mpwa wako wala till ya duka unalofikiria kulifunga. Weka ile ya biashara ya kitabu, kisha ilipe shilingi kumi kutoka simu nyingine uone ni jina gani linatokea.